Mwaka Nilipoitwa Paija

Alishuka wa mwisho kutoka kwenye ndege pale Manda, mkongojo mkono mmoja, mkoba wa kitambaa mkono wa pili, na kabla hajanisalimu alinitazama kutoka ushungi hadi viatu akasema, "Paija, umenenepa." Nikamjibu, "Alhamdulillahi, Bi Suni. Na wewe umekonda." Tukacheka, tukashikana mikono yote minne katikati ya njia, wachukuzi wakitukwepa na masanduku ya watu. Yeye sasa amepita sabini, mimi nina arobaini na mbili na mjukuu mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyeniita Paija. Jina langu ni Faiza. Ulimi wa Bi Suni hauna f wala z. Hata alipokaa hapa Amu, yaani Lamu, mpaka akaweza kubishana na wauza samaki, f ilibaki p na z ikabaki j. Mji wa Faza, kule kisiwani kwetu Pate, aliuita Paja, na siku alipopanda boti akawatangazia abiria wote kwamba anakwenda Paja kutafuta pweza, nahodha alilazimika kupunguza mashine ili watu wamalize kucheka.

Kutoka uwanja wa ndege hadi gati ya Amu ni dakika chache tu kwa boti, lakini zilitosha. Yeye alikuwa akiutazama mji ukikaribia, mimi nikimtazama yeye, na mwaka ule ukanirudia wote kwa mpigo, vyumba vyake, vyakula vyake, na maneno niliyoyasikia ambayo hayakukusudiwa masikio yangu. Sitasimulia nimezaliwa na nani wala nililelewa vipi Chundwa. Wanaonijua wanayajua hayo, na wasionijua hayatawasaidia kitu. Nataka kusimulia mwaka ule mmoja, kwa kuwa karibu yote niliyo nayo leo yalitoka humo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi katika hoteli moja ndogo Ras Kitau, ng'ambo ya Shela. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda na kufagia mchanga ambao upepo uliurudisha kabla sijaweka ufagio chini. Sisi wafanyakazi tulikula nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka, na kwa kuwa meneja hakupenda harufu iwafikie wageni, mimi na ng'onda wangu tulikuwa na kona yetu mbali kabisa. Samaki wale nilikuwa nawakausha mwenyewe, kwa chumvi na jua, kama tunavyofanya kwetu. Mchana mmoja nikamwona mgeni mmoja, mama mfupi mwenye kofia pana, ameacha meza yenye kitambaa cheupe na kamba wa kuchoma, anakuja kwa mguu juu ya mchanga wa moto, pua juu, kama mtu anayefuata sauti. Nikasimama, nikajua nimefukuzwa kazi. Akakionyesha kisahani changu. "Hii. Nani?" Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika mahali palepale palipovunjika changu, ndiyo maana tulielewana. Nikasema ni mimi. Akafudikiza ndoo, akaikalia, akanyoosha mkono akamega samaki, akala na mifupa yake midogo. Kisha akafumba macho. Nilidhani mfupa umemkwama kooni.

Alikuwa amepika miaka thelathini katika shule ya mji mmoja wa wavuvi huko Korea. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wameshika njia zao, naye akaamua kuona dunia kwa zamu, nchi moja baada ya nyingine. Amu alikuja kwa wiki moja. Wiki ikawa mwezi, na mwezi ulipokwisha akaniambia amepata nyumba ya kupanga mjini, mtaa wa Mkomani, na kwamba ana wazo, na kwamba wazo lenyewe haliwezi kusimama bila mtu anayejua kukausha samaki. Watalii, alisema, watakuja kwake wajifunze chakula cha Korea na desturi za Korea, kwa kutembea, kununua, kupika na kula. Nikamuuliza kwa nini hapa. Akaniambia kwamba kwao watu wakikutana huulizana kwanza kama mtu amekula, na hapa, mahali pa kwanza tangu aondoke nyumbani, kila mlango aliopita watu wakiwa kwenye sinia alisikia "karibu". Nikaliacha fagio Ras Kitau siku ya Jumamosi. Jumapili nilikuwa Mkomani nikiosha mitungi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bwana Lali, mtu wa ukoo wa zamani wa mji, mwenye nyumba kadhaa na maneno machache. Ilikuwa na daka la mawe la kukalia mlangoni, ua mdogo wa kati, na sebule ndefu nyembamba yenye zidaka ukutani, vile visanduku vya chokaa walimopangia wazee sahani zao za kigeni. Bi Suni alipanga humo vitunguu saumu, tangawizi na chupa za mafuta ya simsim. Bwana Lali alipoleta ufunguo alisema sentensi mbili tu: "Nyumba hii ni ya heshima. Pombe haingii." Bi Suni akaweka mikono tumboni akainama mpaka kiuno kikakunjika kabisa, naye Bwana Lali, ambaye hajawahi kuinamiwa hivyo na mtu yeyote, akarudi nyuma hatua moja na kugonga kichwa mlangoni. Meza tuliagiza Matondoni kwa fundi wa vyombo vya baharini, akaichonga kwa mbao zilizobaki kwenye mashua, miguu yake haifiki shubiri mbili. Aliileta kwa punda mwenyewe, apate kumwona mteja. "Bibi," akaniuliza pembeni, "hii meza atakaa nayo, ama atakaa juu yake?"

Tukaweka kibao gatini. Siku hiyohiyo, nikiwa nyuma ya mlango wetu, niliwasikia wazee wawili waliokaa kwenye daka la jirani. "Mtu atoke kwao Ulaya, aye Amu, ale chakula cha Korea?" Mwenzake akajibu: "Labda ndia ya Korea imefungwa." Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Nami nilicheka, mkono mdomoni, lakini usiku wa maneno hayo ulikuwa mrefu kwangu, maana walikuwa wamesema kile nilichokuwa nikijiuliza mwenyewe.

Miezi minne ya kwanza karibu tulikula wenyewe tulichopika. Ndipo nilipojifunza. Bi Suni alinifunza kugonga kabichi kama mtu anayebisha hodi na kusikiliza kama imejaa. Alinifunza kutia chumvi jani kwa jani, kusugua pilipili, saumu, tangawizi na dagaa wa kuchachisha, kupakaza kila jani kama unavyompaka mtoto mafuta, kisha kushindilia mtungini. Kwao mitungi hukaa nje kwenye baridi miezi na miezi. Kwetu, kwa joto la Amu, kimchi, ndiyo kabichi hiyo, iliiva kwa siku mbili na siku ya nne ilikuwa inataka kuzungumza. Alinifunza maneno pia, lakini ya jikoni tu: saumu ni *manul*, pweza ni *muno*. Tulipokwenda pwani maji yakitoka, akikusanya mwani na kuuosha, wanawake waliokuwa wakipita walisimama wakamwonea huruma. "Maskini, Bi Suni hula takataka za pwani." Jina lake kamili lilikuwa Sunhi, lakini mji ulishalikata, na wengine wakasema angalau jina lenyewe ni la heri.

Kisha watu wakaanza kuja. Wazee wawili wa Kiholanzi walikuja kwa sababu mvua iliwazuia kwenda baharini, wakakaa mpaka alasiri. Wakaja wasichana watano wa Nairobi waliokuwa wamemaliza chuo, wanaotazama tamthilia za Kikorea kwenye televisheni mpaka wanajua nani atamwoa nani. "Wasee, si hii ndio ile kitu hukula kwa ile series!" mmoja alipiga kelele alipoiona kimchi, akaitia mdomoni yote mara moja, machozi yakamtoka. "Maze, inawasha!" Akanyoosha vijiti vyake vya kulia. "Ebu niongezee." Hao ndio waliokwenda kututangaza. Kila kundi Bi Suni alilivalisha kwa zamu nguo mbili pana za sherehe alizokuja nazo kutoka kwao, akalionyesha kutoa na kupokea kitu kwa mikono miwili, na kwamba mezani hakuna anayegusa kijiko kabla mkubwa wa wote hajaanza. Wageni waliandika hayo madaftarini. Mimi nilikuwa nimebeba kapu, nikifikiri: kumbe mambo haya ni ya kwetu. Kazi yangu katika matembezi ilikuwa hiyo, kubeba kapu na kujibu nikiulizwa. Nilipenda hivyo. Mbele palikuwa pa Bi Suni, na nyuma yake palikuwa na kivuli cha kunitosha.

Barua ilikuja mwezi wa kaskazi kali. Kampuni moja ya safari ya huko kwao ilikuwa inaleta wazee kumi na mmoja kuzunguka Afrika Mashariki kwa wiki tatu, na katika wiki ya mwisho walitaka kupitia Amu siku moja, kwa Bi Suni. Wakipendezwa, makundi mengine yangefuata mwaka mzima. Nikashangaa Mkorea kuja kwa Mkorea. Bi Suni akacheka. "Paija, mjee wa kwetu akila chipsi na kuku wiki mbili, anaota kimchi. Anaamka analia." Tukajaza mitungi minane, tukaipanga darini penye kivuli.

Ijumaa moja asubuhi, siku sita kabla wageni hawajafika, mtungi mmoja ulichoka. Sikuuona ulivyopasuka, nilisikia tu mlio kama wa fataki, kisha mlio wa pili, ambao ulikuwa wa Bi Somoe, jirani yetu wa ukuta mmoja. Maji mekundu yalikuwa yametiririka darini, yakaingia kwenye mfereji wa mvua, yakamwagikia uani kwake juu ya kanzu nyeupe ya mumewe iliyoanikwa kwa ajili ya swala ya Ijumaa. "Damu!" alipaza sauti mtaa mzima ukasikia. "Damu yatoka darini! Wamemtinda mtu!" Bi Suni aliisikia sauti, akakimbia ngazi, zile ngazi zetu za mawe nyembamba zilizo wima kama ukuta, na kwenye ya tatu kutoka juu mguu ukamponyoka. Nilimkuta chini amekaa, uso mweupe, mguu umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Hakulia. Aliniuliza, "Mitungi mingapi imebaki?"

Jioni hiyo alipelekwa Mombasa kwa ndege, na mimi nikabaki na funguo. Kufikia Jumamosi, damu ilikuwa imesahaulika, na badala yake limekuja jambo baya zaidi: kwamba kilichopasuka ni pombe, kwa kuwa ni nini kingine kinachotoa povu na kuvunja chombo? Nilipopita niliitwa, si kwa jina, "yule wa Pate anayewapikia tembo." Mwuza samaki wangu wa kila siku alinifungia samaki bila kunitazama. Jumapili Bwana Lali akabisha, akakataa kuingia, akasimama dakani kwake mwenyewe kama mgeni. "Mimi sitaki maneno," alisema. "Mwezi huu ukisha, nataka nyumba yangu." Nikafungua mdomo. Alikuwa ameshageuka.

Nilimpigia Bi Suni hospitalini. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, kisha nikasema tuwaandikie wageni wasije. Upande wa pili nikasikia muuguzi akipita na toroli. "Paija," akasema, "unajua kupika?" Najua, nikasema. "Unajua kutembea?" Najua. "Basi," akasema, na simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa makusudi. Hata wiki hii nilipomuuliza hakuniambia.

Nilikaa uani mpaka adhana ya alasiri. Nakumbuka nilikuwa na hofu, lakini chini ya hofu palikuwa na hasira. Niliitafuta ni ya nani, nikaona ni yangu mwenyewe. Mwaka mzima tulikuwa tumekaa ukuta mmoja na Bi Somoe, tunapika vitu vinavyonuka kutoka hapa hadi ngomeni, na hatukuwahi kumpelekea hata kisahani. Bi Suni aliogopa kumuudhi kwa chakula asichokijua. Yeye ni mgeni, ana udhuru. Mimi udhuru wangu ulikuwa nini? Nikapanda darini, nikafungua mtungi ulioiva vizuri, nikajaza bakuli, nikafunika kwa kawa, nikaenda kubisha hodi.

Bi Somoe alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mjane wa mume wa kwanza na mke wa mume wa pili, kama alivyopenda kusema. Alinitazama kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Sikumpa nafasi. Nilikaa kizingitini pake, nikasema bismillahi, nikala mbele yake kipande kizima. Kisha nikamtajia kilichomo kimoja kimoja, kabichi, chumvi, pilipili, saumu, tangawizi, dagaa. Alinyoosha vidole viwili, akachukua jani dogo kabisa, akalinusa, akalitafuna kwa meno ya mbele tu. Akasita. Akachukua jani la pili, kubwa.

"Hii ni achari," alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Achari ya kabichi! Mwaka mzima mwala achari na jirani hamumpi? Nyinyi ndio mulioleta maneno, si mimi." Akavuta bakuli upande wake. "Munyu umezidi. Wageni wenyewe waya lini?"

"Alhamisi."

"Na wewe ni peke yako?"

Nikamwambia ni peke yangu, na hapo ndipo sauti yangu ilipovunjika, mara moja tu katika mwaka ule. Akanifuta uso kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama anayefuta sinia. Siku tatu zilizofuata alikuwa jikoni kwetu kabla ya chai. Saumu alizimenya yeye, na kila jirani aliyechungulia alimtia jani la kimchi mdomoni kabla hajauliza swali.

Alhamisi asubuhi nilisimama gatini na kapu. Walishuka kumi na mmoja, kofia pana, viatu vya kutembelea milimani, nyuso za watu waliochoka na barabara. Walikuwa na mkalimani, msichana aitwaye Mina, anayesema Kiingereza kizuri. Akatazama nyuma yangu. "Bi Suni yuko wapi?" Nikamweleza. Sikumficha kitu. Uso wake ulishuka, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ofisi yake inasubiri ripoti ya siku hii. Nikageuka kuwasalimu wageni. Salamu ya Kikorea nilikuwa nimeirudia tangu alfajiri, na ilipofika wakati wake ikanitoroka, kikaja badala yake kile tunachosema tukikaa mezani. "*Chal mogessumnida!*" nikatamka kwa sauti kubwa, na kuinama. Nilikuwa nimewaambia watu wazima kumi na mmoja kwamba nitakula vizuri. Kisha bibi mmoja mdogo wa umbo, aliyekuwa mkubwa wao wote kwa umri, akapasuka kwa kicheko, akajishika mbavu, na wengine wote wakafuata. Akaja akanishika mkono, na hakuuachia mpaka sokoni.

Sikuwatembeza kama Bi Suni. Nisingeweza. Yeye aliwaonyesha wageni Korea aliyotoka nayo, mimi niliwaonyesha Korea niliyoikuta hapa. Niligonga kabichi za Mpeketoni wakasikiliza. Niliwapeleka kwa mzee wa mafuta ya simsim, wakanusa chupa wakaanza kusema wote pamoja. Nikitaja *manul*, wanainua saumu juu. Nikitaja *muno*, mwuza samaki, yuleyule aliyekuwa hanitazami, akawanyanyulia pweza wa Kizingitini mzima mzima, minyiri yake ikimzunguka mkono, wakampigia makofi, naye akanitazama. Pwani maji yalikuwa yametoka. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye, Mina aliniambia, hajasema neno la maana tangu Nairobi. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake nzuri, akaanza kuchuma mwani. Alijua pa kukata. Tulimngoja mpaka akajaza kofia.

Nilipowafikisha nyumbani nilimkuta Bwana Lali amesimama dakani. Alikuwa amesikia kwamba wageni kumi na mmoja wameingizwa mjini kwenda kunywa. Nikamwomba Mina awakalishe wageni, nikamwambia Bwana Lali, "Tafadhali, twende darini." Alipanda taratibu, mkono ukutani. Nilifunua mtungi nikasimama kando. Alinusa. Alichovya ncha ya kidole, akaiweka ulimini.

"Hii imekuwa siki," alisema.

"Ndiyo, Bwana."

"Siki ni kitoweo chema."

"Tumefunzwa hivyo madrasani, Bwana."

Akafunika mtungi mwenyewe. "Na kwa nini hukunambia?"

Sijui nguvu niliitoa wapi. "Hukuniuliza, Bwana. Ulinipa mwezi."

Nilidhani atakasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekumbushwa deni la heshima, na kutoka chini ikatupanda harufu ya pweza wa pilipili aliyekuwa anakaangwa na Bi Somoe. "Mwenye nyumba hapiti chakula kikiwa tayari," nikasema. "Karibu."

Nikamweka mwanzo wa meza, ile ya Matondoni, na mkabala naye akakaa yule bibi mkubwa. Mbele yao kulikuwa na wali mweupe usiotiwa nazi, supu ya mwani, pweza, mchicha wa simsim, ng'onda wa kukaanga, na kimchi katika bakuli kila pembe. Hakuna aliyegusa kitu. Wazee kumi walikuwa wakimtazama bibi, na bibi, mikono mapajani, akimngoja Bwana Lali. Bwana Lali alikuwa akimngoja bibi. "Karibuni, karibuni. Mgeni ndiye wa kwanza," akasema. Mina akafasiri. Bibi akainamisha kichwa: yeye ni mgeni tu, mkubwa wa nyumba aanze. "Mwulize ana miaka mingapi," akasema Bwana Lali. Themanini na miwili. "Mimi sabini na tisa. Basi mkubwa ni yeye." Lakini nyumba ni yake, akasema bibi. Lakini miaka ni yake, akasema Bwana Lali. Supu ilikuwa inaacha kutoa moshi. Nilisimama na kijiko cha upawa mkononi nikiona siku yangu yote inafia kwenye adabu, na ndipo Bi Somoe akatoa kichwa jikoni.

"Bwana Lali! Mtaulizana miaka hata zakula zipowe? Kuleni pamoya!"

Mina hakuhitaji kufasiri. Bwana Lali akasema bismillahi, na palepale, kwa sauti moja, wazee wale wakasema *chal mogessumnida*, na vijiko vikashuka pamoja.

Nimepikia watu wengi tangu siku ile, harusi, mabalozi, watoto wangu. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Ulikuwa ukisikia meno tu na vijiko vikigonga bakuli. Bi Suni alikuwa ameniambia kwamba watu wa kwao hulia wakila, nami nilidhani ni maneno, lakini mama mmoja alikuwa anakunywa supu ya mwani na machozi yakidondokea humohumo, na wala hayafuti. Mzee wa kofia ya mwani alimaliza bakuli la tatu la wali, akasema kitu. Mina akaacha kula. "Anauliza kama mna zaidi," akaniambia, akicheka na kulia. "Ni sentensi yake ya kwanza."

Wakauliza mpishi yuko wapi. Walidhani kuna bibi wa Kikorea amefichwa jikoni. Mina akanionyesha mimi, hawakuamini, wakaenda kutazama, wakamkuta Bi Somoe ametanda leso na mwiko mkononi, wakarudi. Yule bibi mkubwa akanyanyuka kwa shida. Akaichukua mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akaitazama pilipili iliyoingia kwenye kucha, akainusa. Akasema neno moja. "Tuna neno hilo kwetu," Mina alinieleza. "Ni ladha ya mkono. Haliandikwi kwenye kitabu cha mapishi. Mtu anayo au hana." Kisha bibi akadai simu, akampata Bi Suni hospitalini, na kwa sauti iliyowafikia wapita njia akamgombeza muda mrefu. Nilimwuliza Mina anasema nini. "Anamwambia apone polepole. Asiwe na haraka."

Kampuni ile ilileta watu mwaka mzima, na mwaka uliofuata. Bwana Lali hakuzungumza tena habari ya mwezi kwisha. Ijumaa moja alituma sahani tupu, safi, imefunikwa, nasi tukaelewa, na kila Ijumaa mpaka alipofariki sahani ile ilirudi kwake imejaa. Bi Suni alirejea baada ya wiki saba na mkongojo, akakuta ninaongoza kundi la Wajerumani, akajiunga nyuma na kubeba kapu. Alikaa miaka miwili zaidi, kisha akaitwa na wajukuu. Nyumba ikabaki kwangu, na leo nina wasichana watatu wanaotembeza wageni, mmoja wao wa Chundwa kama mimi.

Lakini nikiukumbuka mwaka ule, hayo huja baadaye. Kwanza huja alasiri ile, wageni wameshapanda boti, Bwana Lali amekwenda msikitini, na mimi na Bi Somoe tumekaa sakafuni jikoni, miguu imenyooka, sufuria la pweza katikati yetu. Hatukuwa tumekula tangu asubuhi. Tulikuwa tunakwangua ukoko kwa vidole, jasho likitutiririka, kila mmoja akimsogezea mwenzake kipande kizuri. Alipomaliza alilamba kidole gumba, akavua leso akajipepea, akazitazama kabichi nne zilizobaki kwenye kapu.

"Kesho waya wangapi?" akauliza.

"Siyui, Bi," nikasema, na nikasikia nimemjibu kwa Kiamu, sauti yangu kubwa kama yake. "Sijui kama yupo atakayekuja."

"Watakuya," akasema, akaninyooshea kisu. "Kata zote."

Nikazikata zote.